Tundu la Ufunguo

Jumba la bwana karanga, hapa Kongwa,
halikubomoka. Liligawanywa.

Mabati yako kwa Madeje, yanavuja palepale.
Sinki la kuogea, lile jeupe la miguu ya simba,
ndama wa Mbijima wananywea humo.
Vipandio vya ngazi ni mafiga:
vipandio kumi na viwili, mafiga matatu kila jiko,
hesabu mwenyewe ni akina nani
wamesonga ugali wa uwele juu ya ghorofa.

Bwana alikuja na matrekta, masika ya kwanza.
Kiangazi cha nne akaondoka,
karanga zimebanwa na udongo
kama pesa ya bahili.
Akamwachia babu Ndahani ufunguo.
“Linda. Narudi.”

Babu akalinda.
Mshahara ulikoma, yeye hakukoma.
Alilinda bendera ilipobadilika,
alilinda lori la Operesheni
lilipotushusha hapa na vibuyu vyetu,
alilinda madirisha yakiondoka, kisha mbao, kisha misumari,
akiandika daftarini nani kachukua nini.

Mlango ulikuwa wa mwisho.
Huo aliubeba mwenyewe, usiku,
akaufanya kitanda.

Leo zimebaki kuta mbili na mbuzi.
Daftari limeliwa na mchwa.
Bibi Sechelela bado analalia mlango ule,
tundu la ufunguo usawa wa mbavu.

Utotoni niliingia uvunguni
nikachungulia:
giza tu,
na mtu anapumua ndani.