Pini

Mwalimu mkuu aliniuliza, "Mama Nzigire, pini yako?"
Nikachomoa moja kutoka midomoni,
tatu zikabaki zimebanwa na meno,
nikampa, kama mtu anayempa jirani chumvi.

Akacheka, si kwa ubaya.
Akaichomeka ile pini kwenye ukosi wa koti lake.
"Ya kodi, mama. Ya serikali.
Bila hiyo mhasibu halipi hata sketi moja."

Na sketi zilikuwa themanini, za marinda,
rangi ya zambarau mbivu,
uzi nimekopa Kibuye kwa Apondi,
ambaye hukumbuka deni hata katikati ya sala.

Kwetu Bukavu kodi ilikuja kwa miguu:
kijana, kitabu cha risiti, kiu.
Ukimpa soda moja anaandika,
ukimpa mbili anasahau njia ya kwako.
Haikupata kuniuliza jina.

Nikapanda kwa Ochuodho, Kondele,
saiba juu ya duka la mbolea,
kibodi yake herufi A imefutika, unabonyeza kwa imani.
Jina la kwanza? Nzigire.
La ukoo? Nikampa la baba.
La kati? Sina.
"Mashine haipendi pengo," akasema,
basi nikampa la bibi, Nabintu,
maana yake mwenye vitu,
aliyezikwa na kitenge cha kuazima.

Kitambulisho cha mgeni, namba yake, kinaisha lini.
Sanduku la posta? La kanisa la Ochuodho.
Unakaa wapi? Manyatta, nyuma ya kinu cha unga,
lango la bati lililopigwa kiraka.
Akaandika Manyatta tu.
Mapato yatoka wapi?
Palikuwa na vijisanduku vitatu,
hakuna cha cherehani ya kukodi
wala cha goti la kulia.

Halafu mashine ikataka hesabu:
sitini na tatu, toa kumi na nane.
"Ni ili ijue wewe ni mtu," Ochuodho akaeleza.
Mpakani, usiku ule, hakuna aliyetaka kujua hilo.
Nilihesabu kwa Kishi, vidole chini ya meza,
nikatangaza arobaini na tano
kwa sauti iliyowageuza shingo
waliokuja kupiga picha za pasipoti.

Stima ikapotea.
Iliporudi tukaanza upya, Nzigire, Nabintu, kanisa, Manyatta,
na safari hii ikauliza saba na tisa.
Nilihisi nimeshushwa darasa.

Herufi, tarakimu tisa, herufi.
Nilishuka ngazi nikiitafuna isidondoke,
nikaiandika mezani kwa chaki ya kukatia,
na karatasi yenyewe nikaibana ukutani.
Kwa pini. Ningeibana kwa nini kingine?

Apondi alikuja kuitazama.
"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe.
Wewe lako limechukua miaka minne."
Kisha akauliza pesa zake za uzi.

Shule ililipa mwezi uliofuata, kodi imeshakatwa.
Nilikisoma kile kiasi kilichokatwa, nikarudia,
kama mtu anayelitafuta jina lake
kwenye orodha ya walioalikwa harusini.

Jana, karibu na mzunguko wa Kondele,
vijana wa vizibao vya manjano wanaziba shimo,
lami wameitandaza nyembamba
kama chapati ya nyumba ya bahili.
Nikasimama, furushi la vitambaa kichwani.
"Shindilia vizuri," nikamwambia mwenye sepetu,
"hapo pembeni, maji yatarudi."
Akaegemea mpini. "Kwani wewe ni nani?"

Nikamtajia, herufi hadi herufi.