Upindo

Katika belo la mitumba, hapa Gongoni,
kati ya makoti yanayonuka dawa ya nondo,
nimeokota suti ya baharia, ya mtoto:
kola pana mgongoni, mistari mitatu myeupe.
Baharia, Tabora!
Maji yetu makubwa ni ya Igombe,
nayo huyaona aliye na bomba.

Mwalimu Kapaya akanieleza, miwani puani:
Marekani ya zamani mvulana alivaa gauni
hadi miaka mitatu. Ubaharia hadi minane.
Kisha suruali ya kubanwa gotini,
na ndefu, kama ya baba,
mpaka sauti ianze kukwaruza.

Nilicheka kwa lile gauni.
Sisi umri wetu ulipimwa kwa mkono:
upitishe juu ya kichwa, ushike sikio la pili.
Kaka Msabila hakulifikia mwaka ule.
Alirudi analia, kaptula ya kuazima
ameishikilia kiunoni isidondoke.

Usiku nikaigeuza ile suruali ndani nje.
Upindo una alama tatu za mikunjo.
Mara tatu mama fulani
alifumua, akashusha, akashona tena.
Ya nne haipo,
na kitambaa kilikuwepo bado, vidole viwili vizima.

Sikumuuliza Kapaya.

Kesho Mihayo wa dada anakuja kupimwa
ndefu yake ya kwanza.
Nitakata sawa na mguu wake,
halafu vidole vinne zaidi,
nivikunje ndani,
nivishone kwa uzi mlegevu.