Tiketi Mbili, Lille hadi Paris

Mimi nilikuwa mkata tiketi, sikuwa msikilizaji.
Nalitanguliza hilo, asije mtu akaniuliza
alipigaje, kwa uta mwepesi au mzito,
maana jukwaani sikumwona hata siku moja.
Nilimjua kwa nauli.

Mwaka wa hamsini na nane, Jumatatu,
saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi:
msichana ndani ya koti la kaka yake, kiti cha kumi na nne,
na kiti cha kumi na tano kimekaliwa na sanduku jeusi
lenye mabega, kiuno na nyonga,
limefungwa mkanda wa suruali lisianguke kwenye kona.
"Na huyu?"
"Ni selo."
"Analipa nauli ya mtoto ama ya mtu mzima?"
Akafikiri kwelikweli, kama aliyeulizwa umri wa mama yake.
"Ana miaka mia na arobaini,
lakini hawezi kusimama peke yake."
Kanuni za reli zilikuwa kurasa mia mbili na kumi.
Nilikuta mbwa, kuku, baiskeli, hata jeneza.
Selo, patupu.
Nikamtoza ya mtoto.

Ghislaine Desruelles, binti wa mfumaji sufu wa Roubaix.
Baadaye nilisikia kwamba kiwanda kizima kilichanga,
hata msimamizi, aliyejulikana kwa mkono wa birika,
ili lile sanduku lisirudi dukani.

Miaka yake niliisoma kwenye lebo:
Praha, Lisboni, Osaka, moja juu ya nyingine,
zinabanduka pembeni kama magamba ya samaki.
Josiane, mke wangu, alinisomea gazetini
kwamba orkestra moja ya Paris ilimkataa;
mahali pa mwanamke, walisema, ni kwenye kinubi.
Jumatatu iliyofuata akapanda kama kawaida,
akala mkate wake wa jibini,
akapangusa makombo kwenye paja la sanduku.
Sikumpa pole. Nilitoboa tiketi mbili.

Usiku mmoja wa Februari theluji ilitukwamisha Longueau.
Taa za behewa zilififia, watu wakalala vinywa wazi,
naye akalala, shavu limeegemea kioo.
Nilipita na kurunzi.
Sijui shetani gani alinituma,
nikaweka kiganja juu ya lile sanduku.
Injini ilikuwa ikinguruma kwa chini, mbali, mbele,
na mle ndani kitu kikawa kinaitikia.
Kikapanda kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko.
Nikauondoa mkono kama mwizi.
Hadi leo huo ndio muziki wote ninaoujua.

Kisha kidole.
Cha pete, mkono wa kushoto. Kilianza kujikunja chenyewe
kama jani la kabichi kwenye baridi.
Alikificha kwenye glavu, hata mwezi wa Julai.
Lebo mpya hazikuja tena.
Alishuka Arras siku za Jumatano, kufundisha watoto,
na tiketi zikawa za safari fupi, lakini mbili.

Mwaka wa tisini na moja akapanda na moja.
Mvi, kikapu cha vitunguu majani, kiti cha kumi na nne.
Nikatazama cha kumi na tano.
"Yuko wapi mwenzio?"
"Arras. Kwa binti wa miaka kumi na miwili
anayempiga kwa mikono michafu."
Akacheka, halafu akaacha kucheka.
Kikapu alikipakata magotini. Hakukiweka kando.
Mashamba ya biti yakapita, na vilima vyeusi vya migodi,
vidole vyake vinatembea kwenye mpini wa kikapu,
juu, chini, juu, kile kimoja kikibaki nyuma.

Pale Douai watu walijaa hadi mlangoni.
Bwana mmoja mwenye mkoba akaninong'oneza:
"Kiti kile kina mtu?"
Miaka thelathini na mitatu kazini,
miezi minne kabla ya pensheni,
sijawahi kumdanganya abiria hata senti.
"Kina mtu," nikasema.

Akasimama hadi Paris, akinilaani kila kituo.
Kanuni zilikuwa upande wake.