Dakika ya Nane

Inawaka vizuri. Hilo ndilo linaloudhi.
Chambega anazungusha pangaboi kwa mkono, mara ya pili tu,
nayo injini ya foksiwageni kuukuu inaitika
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Inanguruma dakika moja, tatu, saba,
majani ya ukingoni yanalala,
kofia yangu inakwenda zake mkongeni.
Ya nane, inakohoa.
Inakohoa tena, inatetemeka, kimya.
Pongwe nzima inasikia.

Wiki tano.
Kikulacho ki nguoni, tukaambiana,
tukaivua nguo zote:
kabureta tukaisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku,
plagi tukabadilisha, waya tukabadilisha,
bomba la mafuta nikalihamisha mbali na ekzosi
nikilishutumu kwa joto.
Nilimshuku hata muuza petroli wa barabara ya Muheza.
Mimi, niliyekereza vyuma vya korona miaka ishirini na sita,
ninayejua beringi inayokaribia kufa kwa kuisikia,
nilikaa juu ya debe nikaitazama mashine yangu
kama mgeni aliyekataa chakula
bila kusema kwa nini.

Kidawa akaja Jumamosi,
yeye aliyekubali kuirusha kwa kuwa mimi sijui.
Nimejenga mabawa; mguu wangu
haujawahi kuacha ardhi ila kwa ngazi.
Hakushika spana. Akauliza:
“Ikizimika, kabla ya kuwasha tena, mnafanya nini?”
Tunafungua kifuniko cha tangi, tuone mafuta.
“Kila mara?”
Kila mara.
“Na kikifunguka, kinasemaje?”

Nikataka kucheka. Nikafungua.
Fyuuu.
Pumzi ndefu, ya kuvuta ndani,
ya mtu aliyeondolewa mto usoni.

Wiki tano tulikuwa tukiiponya
kila tulipoikagua.

Kijibomba cha hewa, chembamba kama mrija wa soda,
nilichokikunja mwenyewe chini ya tumbo la ndege:
Chambega akakichokonoa kwa spoki ya baiskeli,
ukatoka udongo mkavu, na ndani ya udongo
buibui watatu wa kijani, hai, wasioweza kusogea,
akiba ya mtoto wa nyigu mwashi
aliyeona tundu, akajenga.
Sikumlaumu. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, upepo haujaamka.
Kibali cha mkaguzi kimekunjwa mfukoni mwake:
peke yake, mchana, asipite juu ya nyumba.
Akatikisa kijiti, mkia ukajibu.
Akaondoka.
Mkia uliinuka kwanza, kisha magurudumu ya wilbaro
yakapitisha mwanga chini yake,
kiasi cha kiganja, kiasi cha mtu,
na msonobari wa Lushoto, na kitambaa alichoshona Mwanamvua
akilalamikia vidole vyake, vyote vikapita juu ya mkonge
kwenye kimo ambacho sijawahi kukipa kitu chochote.

Nilishika saa.
Ya tano, aligeukia upande wa kiwanda cha saruji.
Ya saba, Chambega aliacha kutafuna.
Ya nane
sikuitazama ndege. Nilitazama viatu vyangu,
na sikio langu lote likawa huko juu
likihesabu mapigo.
Ya tisa.
“Fundi,” akasema Chambega, “pumua.”

Alitua kwa kudunda mara mbili,
akavua miwani. Hakusema hongera.
“Ubawa wa kushoto mzito.
Nimekiegemea kijiti njia nzima, mkono umekufa ganzi.
Na petroli inanukia mle ndani. Andika.”
Nikaandika. Mwandiko ulikuwa wa mtoto.

Jioni nilikata chujio la chai,
nikalifunga kwa waya mdomoni mwa kijibomba.
Mwanamvua anauliza chujio liko wapi;
bado sijamjibu.
Asubuhi nyigu alikuwa pale, donge la udongo mdomoni,
akizunguka, akigusa, akizunguka tena,
akitafuta hitilafu.