Kidirisha cha Jiko

Manyovu, Julai. Ukungu umekaa mlangoni kama mdai.
Ntamagiro kanunua jiko la vitonge,
vitonge vya maganda ya kahawa, vigumu kama kokwa.

Usiku wa kwanza akafungua kidirisha chote.
Moto ukavuma, bati likatoa jasho,
na saa nane jiko jivu tupu,
tunanyang'anyana blanketi.

Wa pili akakibana mno.
Moshi.
Mama mkwe alikohoa hadi alfajiri,
hakusema neno; kikohozi kilisema.

Leo kachora alama kwa msumari:
upana wa kidole cha mtoto,
na dirisha la nyumba wazi kidogo.
Vitonge vinapumua taratibu, vyekundu, havina haraka.
Mama mkwe ananyoosha miguu,
anavua soksi moja.

Ya pili, anasema, tutaona kesho.