Wana wa Barzilai

Jumapili niliyopangiwa kusoma
niliangukiwa na majina.
Mlango mzima: wana wa fulani, mia sita na ngapi,
wana wa fulani, arubaini na wawili.
Watu wakajipepea kwa karatasi za matangazo.
Mzee wa kanisa akaitazama saa, akanitazama mimi.

Nikafika kwa wana wa Hakosi, wana wa Barzilai,
yule aliyechukua jina la ukweni.
Walirudi na wenzao kutoka uhamishoni,
wakajitafuta chuoni
wasijione.
Hapo ulimi ukanikwama.

Maana Alhamisi, ofisini Kisauni,
kijana wa shati lililonyooka pasi aliniuliza:
Babu wa babu yako kazaliwa wapi?
Hapahapa, Frere Town.
Na babaye huyo?
Feni ilizunguka. Akatia alama ya kuuliza
kwa wino wa buluu, akasema nirudi
wiki ya pili, na shahidi.
Hata wana wa Barzilai waliambiwa wangoje
asimame kuhani mwenye Urimu.
Sijaona palipoandikwa kwamba alisimama.

Nasaba yetu sisi ni mstari mmoja
katika daftari la ubatizo, mchwa wamelila pembeni:
Ketura. Miaka kama tisa. Katolewa chomboni.
Jina la baba, Amao.

Vizazi vinne tumejiita kina Amao.
Tumemchonga mawe ya makaburini,
tumempa ndevu, shoka, shamba la mtama.
Mimi utotoni nilimwota, kanuna.

Mpaka mwaka wa mabati mapya,
fundi Kalembo, Myao wa Tunduru,
alilisoma kaburi la nyanya akiwa juu ya ngazi,
akashuka na misumari mdomoni,
akaitema kiganjani, akauliza:
Mbona hapa mmeandika "mama"?

Mtoto kaulizwa, babako nani,
kwa lugha asiyoijua.
Akalia: Amao. Amao.
Karani akachovya kalamu.

Basi andika, kijana, kama nafasi yatosha:
Persida wa Zefania,
wa Loisi, wa Ketura,
wa Mama.
Shahidi yuko darini, anapigilia mabati.

Nikameza mate, nikaendelea kusoma.
Waliorudi walihesabiwa mpaka wanyama,
punda pekee elfu sita, mia saba na ishirini.
Mzee akaitikia Amina
kabla sijafunga kitabu.