Deni la Gololi

Twalib bin Shee, usinitumie salamu kwa watu.
Nitumie gololi yangu.
Ile ya buluu, yenye uzi wa kijani tumboni,
uliyoipangusa kwenye kanzu ukaitia mfukoni
nyuma ya nyumba ya kina Mwanakombo, Kibokoni,
mama aliponiita kwa jina langu zima
(na mtoto akiitwa kwa jina zima, mchezo umekwisha).

Shimo tulilichimba kwa kisigino.
Wenzio walisema nina gumba la kiume.
Nikiidungua ya mbali, ng'ao! hadi mfereji wa maji machafu,
nawe wasema, "Haikugusa,"
waapa kwa uhai wa bibi yako
naye bibi yuko barazani, asikia.

Mwaka uliofuata nikakua.
Hakuna aliyenieleza kitu. Nililetewa buibui tu,
limekunjwa kama barua.
Gololi kumi na tisa zilizobaki kwenye kopo
kaka yangu akaziuza kwa mabuyu,
akaniletea tembe mbili, moja ameshaimumunya.

Basi nikaingia ndani.
Na ndani, usidhani, kulikuwa na vita.
Mama, shangazi Swafiya, Nargis wa ghorofani,
karata zimechakaa hata ree ya shupaza
twaijua kwa pembe yake iliyoliwa na panya.
Mama akigusa kipini cha pua: kopa.
Akikohoa: uru.
Akiniuliza, "Wali umeiva?"
hapo jiko halijawashwa, na mimi natoa shupaza.
Ndiyo lugha ya pili niliyofunzwa, kabla ya Kiingereza cha shule,
na hiyo ndiyo iliyonifaa.

Usiku wa tatu wa harusi
mimi na Mbarak tulikuwa tumemaliza maneno yote
ya heshima. Kimya. Feni yazunguka.
Akainuka, akateremsha keram juu ya kabati,
akanyunyiza poda, poda yangu ya biharusi,
akanifunga mara nne bila kuniangalia.
Ya tano nikaitumbukiza nyekundu kwa kugonga ukingo,
na kete ya kuifuata nikaitumbukiza,
ndipo akainua uso
akanitazama, kwa mara ya kwanza, mimi.

Miaka thelathini na moja.
Walionijia wakitaka kujua ndoa yangu ilikuwaje
niliwaonyesha ule ubao:
umelika pande mbili tu, zinazoelekeana.

Wodini vidole vyake havikuweza tena kupiga.
Akisukuma kwa ukucha, kete yafika nusu ya njia.
Nikajitia kukosea, mara moja, mara mbili.
"Usinihurumie," akasema. "Nifunge."
Nikamfunga.
Sijuti.
Najuta kidogo, saa za alfajiri.

Sasa nina mjukuu, Hilmi, acheza ludo kwenye simu
na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua.
Nikamuuliza, "Na ukimshinda, utamcheka vipi?"
Akanibonyezea picha ya uso unaolia kwa kicheko.
Nikamwambia, huko si kucheka.
Kucheka ni mpaka mwenzio aombe maji,
mpaka akuvunjie shimo kwa mguu,
mpaka msisemezane hadi Ijumaa.
Akasema, "Haya, nyanya," macho yako kiooni.

Na juzi, Twalib, nilikuona Marikiti.
Mkongojo, ndevu nyeupe, umeinamisha sikio
wagonga nazi moja baada ya moja
kama mtu abishaye hodi asiyetaka kufunguliwa.
Nikasimama nyuma yako: "Gololi yangu!"
Muuza nazi akanitazama kama niliyeishiwa akili.
Wewe hukugeuka.
Ulijipapasa mfuko kwanza.
Wallahi nilikuona, ulijipapasa mfuko,
kisha ukasema kuiambia ile nazi:

"Haikugusa."